Dawa za “kufungua akili” kwenye famasi za Bukavu: kipi ununue, kipi ukiache rafuni

Examen d'État, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, ikikaribia, swali moja husikika kwenye kaunta za famasi kuanzia Kadutu hadi Nyawera: «Mama, uko na dawa ya memwari?» Jibu huwa tayari: «Iko. Unataka ya Buhindi ao ya Bulaya?» Umri wa mnunuzi hauulizwi, uzito wake hauulizwi, wala kama moyo wake una shida. Mapitio haya yanahusu vitu vinavyowekwa kaunta baada ya jibu hilo. Tumevitazama kwa mambo matatu: kilichomo ndani, kinachotokea mwilini mwa mtu asiyeumwa, na kama ni haki kumpa. Hilo la tatu wauzaji hawaligusi, na wengi wa wanaolihubiri hawajui kilichomo ndani.

Tuseme mapema tulichokiona: katika rundo lote hilo, kinachotimiza ahadi yake kwa mtu mwenye afya, kwa bei ya kawaida na bila cheti cha daktari, ni kafeini peke yake. Nayo haiongezi akili, inachelewesha usingizi tu.

Kafeini: kopo, kidonge, kikombe na makasu

Ubongo ukifanya kazi mchana kutwa hujaa adenosini, na hiyo ndiyo inayoleta uzito wa macho jioni. Kafeini hukaa kwenye vipokezi vya adenosini bila kuviamsha. Adenosini yenyewe haiendi popote. Inasubiri kafeini itoke, kisha uchovu wote unashuka kwa mkupuo. Ndiyo maana mtu aliyekesha kwa makopo mawili husinzia katikati ya karatasi ya mtihani, wakati ule ule alioutaka kuwa macho.

Kafeini hufika kileleni katika damu kati ya dakika 30 na 60 baada ya kunywa. Nusu yake hutoka kwa saa tano hivi, ingawa kwa wengine ni tatu na kwa wengine saba. Msichana anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango huitunza karibu mara mbili ya muda huo, jambo ambalo hakuna kopo linaloliandika. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula iliweka mipaka mwaka 2015: mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mara moja wala 400 kwa siku, mjamzito 200 kwa siku, mtoto na kijana miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake.

Sasa piga hesabu. Mwanafunzi wa sita sekondari mwenye kilo 50 mwisho wake ni miligramu 150 kwa siku. Kopo kubwa la kinywaji cha nguvu, lile la mililita 500 lenye miligramu 32 kwa kila mililita 100, lina miligramu 160. Amevuka mpaka kwa kopo moja, na pamoja nalo amekunywa gramu 55 za sukari, yaani vijiko vya chai kumi na tatu na zaidi. Akilinywa saa mbili usiku, saa saba usiku bado ana 80 mwilini, na saa kumi na mbili asubuhi anaamka na 40. Utafiti wa Marekani wa 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Tena usingizi ndio muda ambao ubongo unapanga yale yaliyosomwa mchana. Mwanafunzi analipa pesa ili asome zaidi na kukumbuka kidogo.

Kopo la mililita 250, lenye miligramu 80, linaweza kusamehewa likinywewa kabla ya saa sita mchana. Lile kubwa, kwa aliye chini ya miaka 18, hatulipendekezi.

Guronsan, kidonge kinachoyeyuka majini kwa povu, kina faida moja kubwa: maandishi yake yako wazi. Kila kidonge kina kafeini miligramu 50, vitamini C miligramu 500 na glukuronamidi miligramu 400. Kinachomwamsha mtu ni zile 50. Vitamini C haimwamshi mtu ambaye hana upungufu wake. Kwa bei ya kidonge hicho unapata kikombe kizima cha kahawa.

Na kahawa tunayo. Arabika ya Kalehe na ya Idjwi inasafirishwa Ulaya na Marekani kwa sifa, huku sisi tukikoroga unga wa kopo ulioletwa kutoka mbali. Pima gramu 10 za kahawa iliyosagwa, sawa na vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa, kwa mililita 180 za maji. Vitabu vya Ulaya husema maji yapozwe kidogo kabla ya kuyamimina ili kahawa isiungue. Hapa Bukavu, kwenye mita 1500 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95, kwa hiyo yamimine papo hapo. Subiri dakika nne, chuja. Arabika ina kafeini asilimia 1.2 hivi, kwa hiyo kikombe hicho kina miligramu 90 hadi 110. Robusta ina karibu mara mbili, na muuzaji anayechanganya hizo mbili bila kusema anakuharibia kipimo. Makosa mawili hurudiwa sana: kuchemsha kahawa kwenye sufuria kwa robo saa, ambako kunaongeza uchungu kuliko nguvu, na kuinywa pamoja na chakula. Kahawa na chai huzuia mwili usichukue chuma cha maharagwe na lengalenga. Ziache zikae saa moja mbali na sahani.

Makasu, yaani kokwa za kola, yana kafeini ya kweli, lakini kila tunda lina kiasi chake, na mtafunaji hawezi kujua amekula ngapi. Kwa mlinzi wa usiku yanafaa. Kwa mtoto wa shule hayana kipimo, basi yaachwe.

Jambo moja la mwisho hapa, na ndilo linalowaangusha wengi: siku ya mtihani usibadili chochote. Aliyezoea kikombe kimoja asinywe vitatu, maana mikono itatetemeka na kibofu kitamtoa nje ya chumba. Aliyezoea vitatu naye asiache ghafla; kichwa huanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24.

Vidonge vya memwari

Piracetam ya miligramu 800 ndiyo inayotolewa zaidi ukitaja kumbukumbu. Ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1964 katika kampuni ya UCB (herufi zile zile za chuo kikuu chetu cha Kikatoliki, lakini hazina undugu), na Corneliu Giurgea aliyeishughulikia ndiye aliyebuni jina la kundi zima la “nootropiki” mwaka 1972. Ulaya inatumika hasa kwa mishtuko ya misuli inayotoka kwenye ubongo, tena kwa dozi kubwa ya gramu kadhaa kwa siku. Marekani haijawahi kuidhinishwa kama dawa. Kwa kijana mwenye afya hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inamsaidia kukumbuka chochote. Hutoka kupitia figo bila kubadilika, hivyo mwenye figo dhaifu hujilimbikizia. Huweza kuleta wasiwasi na kukosa usingizi, na kwa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya kutoka damu. Haiui wengi, na hiyo ndiyo sifa pekee tunayoweza kuipa. Pesa yako itapotea polepole, mara tatu kwa siku.

Ginkgo tuipitie haraka. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2008 Marekani uliwafuatilia wazee 3069, wengine wakimeza miligramu 120 mara mbili kwa siku, na haukuona kwamba inazuia kupoteza akili uzeeni. Mchanganyiko wake na aspirini unaweza kuvujisha damu. Iache rafuni.

Zinazohitaji cheti

Modafinil ilibuniwa Ufaransa na maabara ya Lafon, na Marekani iliikubali 1998 kwa wagonjwa wa narkolepsia, wale wanaoangushwa na usingizi mchana. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza ibaki kwa ugonjwa huo peke yake, kwa sababu ya madhara ya ngozi na ya akili. Inafanya kazi, hilo tusilifiche: aliyekosa usingizi anabaki macho kweli. Nusu yake hukaa mwilini saa 12 hadi 15. Aliyeimeza saa mbili usiku anaingia mtihanini asubuhi na nusu ya dozi bado inazunguka, hajalala, na anajiona yuko sawa kabisa. Kuna jambo ambalo muuzaji wa pembeni hatalisema: inadhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango wakati inatumika na hata wiki kadhaa baada ya kuiacha, na kwa mjamzito inahofiwa kuleta kasoro kwa mtoto. Msichana wa chuo anaweza kuinunua kwa ajili ya sesioni ya mitihani, akatoka na mimba.

Ritalin, yaani metilfenidati, ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na Leandro Panizzon, ambaye aliipa jina la mkewe Rita. Inasimuliwa kwamba mama huyo aliimeza kabla ya kucheza tenisi. Kumbe hadithi ya mtu mzima wa afya kutumia dawa ajiongezee nguvu ni ya kale kama dawa yenyewe. Leo imo kwenye orodha ya pili ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Kidonge cha kawaida hufanya kazi saa tatu hadi nne, hupandisha mapigo ya moyo na kukata hamu ya kula.

Je, inampa mtu mwenye afya majibu bora? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne waliwapa watu 40 wenye afya metilfenidati, modafinil, deksamfetamini au kidonge kitupu, kisha wakawapa fumbo la kujaza mfuko: vitu vingi, kila kimoja na thamani na uzito wake, chagua vyenye thamani kubwa bila kuzidi uzito uliowekwa. Waliomeza dawa walihangaika zaidi, wakahamisha vitu mara nyingi zaidi, wakachukua muda mrefu zaidi, na ubora wa kazi ukashuka. Walioshuka zaidi ni wale waliokuwa hodari bila dawa. Utafiti mwingine, wa Ujerumani, uliochapishwa 2017, uliwapima wanaume 39 wacheza sataranji dhidi ya kompyuta. Waliomeza dawa walifikiri kwa muda mrefu zaidi kila hatua, na mechi nyingi zaidi wakazipoteza kwa sababu saa iliisha; mechi hizo zikiondolewa, matokeo yao yalikuwa afadhali kidogo.

Kwa wafinalisti wetu habari hiyo ni nzito. Kikao cha kawaida cha Examen d'État ni siku nne za maswali ya kuchagua jibu, na saa iko ukutani. Dawa inayomfanya mtu akae juu ya swali la kumi na mbili kwa bidii ya ajabu inamwibia swali la arobaini.

Tramadoli nayo hupitishwa mkono kwa mkono kwa jina la kuleta nguvu. Ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni. Inaweza kuleta degedege kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka, na huzoesha mwili. Hatuipi alama yoyote.

Kabla ya kulipa chochote

Shirika la Afya Duniani lilikadiria 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ama ni bandia ama haijafikia kiwango. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwishoni mwa 2014 kule Ituri, wagonjwa walianza kufika hospitali shingo zimepinda, ulimi nje, macho yamegeukia juu. Walidhaniwa wana homa ya uti wa mgongo. Walikuwa mamia kabla ya kujulikana kwamba vidonge walivyopewa kama diazepam vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Kopo lilisema hivi, kidonge kilikuwa kile.

Kwa hiyo soma plaketi, ile karatasi ngumu inayoshika vidonge. Jina la kiini cha dawa liwepo na miligramu zake, si jina la biashara tupu. Namba ya loti na tarehe ya kuisha zilingane kwenye boksi na kwenye plaketi, zikitofautiana, rudisha. Karatasi ya maelezo iwe katika lugha inayotumika hapa, Kifaransa kwanza. Vidonge vinavyohesabiwa kiganjani na kufungwa kwenye kipande cha daftari usivipokee, hata kama mwenye duka ni shangazi yako.

Je, ni haki?

Wengi huanza na udanganyifu: aliyemeza amewaibia wenzake. Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani kiliandika hivyo kwenye sheria zake mwaka 2011: kutumia dawa za cheti bila ruhusa ili kupata alama ni udanganyifu. Kwetu hoja hiyo inachechemea. Diploma ya Serikali hutolewa kwa aliyefikisha asilimia 50. Nikipata 62 kwa kahawa au kwa modafinil, sijachukua nafasi ya mtu. Hoja inapata miguu pale nafasi zinapohesabiwa, kama kwenye mitihani ya kuingia vitivo vyenye viti vichache, au ufadhili wa masomo unaotolewa kwa walioongoza. Na anayekasirikia kidonge cha mwanafunzi huku akinyamazia majibu yanayouzwa usiku wa kuamkia mtihani, tunaomba aanze na hayo majibu.

Kinachotusumbua sisi ni kulazimishana. Watu wazima wakiamua wenyewe, hoja ya uhuru ina nguvu. Mwaka 2008 kundi la wataalamu, Henry Greely akiwa wa kwanza kwenye orodha, waliandika katika jarida la Nature kwamba watu wazima wenye akili timamu waruhusiwe kutumia dawa hizi, mradi kuwe na utafiti na kanuni. Neno zito hapo ni watu wazima. Akademia ya Neurolojia ya Marekani ilisema 2009 kwamba daktari anaweza kumwandikia mtu mzima akiombwa, naye pia anaweza kukataa. Lakini 2013, ilipofika kwa watoto na vijana wenye afya, ilisema kuwaandikia hakuna uhalali. Sababu zake zinaeleweka hata Bagira: ubongo bado unakua, mtoto hawezi kumkatalia mzazi aliyelipa minerval (karo ya shule) kwa taabu, na daktari ana deni kwa mtoto kabla ya kuwa na deni kwa matarajio ya mzazi.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda katika internati, yaani bweni la shule. Wawili wanameza, wanakesha hadi saa tisa usiku. Msimamizi anawasifu kwa bidii. Wiki ya pili, anayelala saa nne usiku anaitwa mvivu. Hakuna aliyelazimisha kwa mdomo, lakini asiyemeza sasa ndiye mwenye kosa. Mwalimu anayesifu mkesho hapa anabeba lawama kubwa kuliko mwanafunzi mwenye kidonge.

Mtu atauliza: na muuguzi wa zamu ya usiku? Na motari anayerudi kutoka Panzi saa tano usiku na abiria mgongoni? Huyo swali lake ni jingine, maana uhai wa wengine uko mikononi mwake, na kikombe cha kahawa kwake ni karibu wajibu. Hata hivyo, dawa ikianza kutumiwa kuziba pengo la wafanyakazi wachache, hospitali haitaajiri wa pili kamwe.

Halafu kuna usawa, ambao kwetu hauko kwenye kidonge. Wanafunzi wengi hukesha kwa sababu umeme wa SNEL hurudi usiku wa manane, wala si kwa kupenda mkesho. Mwenye paneli ya jua juu ya nyumba anasoma saa moja jioni na kulala saa nne. Taa ya kuchaji yenye betri nzuri ndiyo inayolinganisha nguvu za hao wawili, na haina madhara ya kopo.

Bidhaa tunayoipa alama za juu

Ni chumvi yenye iodini. Wengine watasema hiyo si kuongeza akili, ni kuzuia upungufu. Sawa, lakini mpaka huo unaonekana vizuri kwenye karatasi kuliko Idjwi. Tangu miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji walichunguza tezi za shingo kisiwani humo: iodini ilikuwa haba kila mahali, lakini kaskazini tezi zilienea sana na kusini-magharibi kidogo. Walichokielekezea kidole ni muhogo, ambao usipolowekwa na kukaushwa vema huacha mwilini tayosayaneti, kemikali inayoizuia tezi kuchukua hata ile iodini kidogo. Mtoto akikosa iodini tumboni, ubongo wake hupungua kwa njia ambayo hakuna kidonge cha baadaye kinachoirudisha yote. Lakini hata kwa mtoto mkubwa kuna la kufanya: huko Albania, watoto wa miaka 10 hadi 12 wenye upungufu walipewa kipimo kimoja cha mafuta ya iodini, na katika matokeo yaliyochapishwa 2006 walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya akili kuliko wenzao waliopewa kidonge kitupu.

Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo inatoa 150 kwa gramu tano, kijiko kimoja cha chai. Kasoro yake ni sokoni: gunia lililo wazi juani na kwenye mvua hupoteza iodini, na chumvi ya mawe ya bei ya chini huenda haikuwa nayo tangu mwanzo. Nunua iliyofungwa, iweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko mbali na moto, na uitie chunguni mwishoni. Mtu mwenye tezi inayotibiwa aulize daktari wake kwanza.

Kwa aliyekwisha meza kitu na mwili unamgomea: moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka baada ya kafeini, asiongeze chochote, anywe maji, akae, asiendeshe pikipiki. Kifua kikiuma, degedege likitokea, au malengelenge yakitoka mdomoni na kwenye ngozi baada ya modafinil, aende hospitali mara moja. Abebe na plaketi yenyewe, hata ikiwa tupu, na aseme ukweli kuhusu idadi aliyomeza na saa aliyoimeza. Maziwa na mafuta ya mawese havitasaidia.